Nabeba kilo 120, mbona mama mwenye mvi amenishinda kwenye baleti?

"Mtaalamu, nina miaka 38 na huu ni mwaka wa tisa nabeba vyuma. Nachuchumaa na kilo 120 mabegani bila shida. Mwezi uliopita mke wangu alinivuta hadi kwenye darasa la baleti la watu wazima wanaoanza. Nilijua naenda kupoteza saa nzima. Dakika ya ishirini miguu ilikuwa inatetemeka kama ya ndama aliyezaliwa leo, na kando yangu alikuwa mama mmoja mwenye mvi, hapungui miaka sitini, katulia kama anayesubiri basi. Nimeshakwenda mara nne. Je, miaka tisa ya vyuma imekuwa bure? Hawa watu wana misuli gani isiyoonekana? Mashavu ya miguu huniuma siku mbili tatu baada ya kila darasa; niendelee au niache? Mke wangu ana miezi sita tu darasani na anataka kununua vile viatu vya kusimamia ncha za vidole, ambavyo nasikia vina chuma ndani. Na ni kweli kwamba wacheza baleti hucheza hata mfupa ukiwa umevunjika, kwa sababu miili yao haisikii maumivu kama yetu?"

Ndugu yangu, pole kwa miguu, na hongera kwa kurudi mara ya pili, ya tatu na ya nne. Wengi wenye vifua kama chako huja mara moja, wakasingizia kazi, wasionekane tena.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia na wacheza dansi wamekuwa wagonjwa wangu kwa miaka mingi, kwa hiyo mshangao wako nimeshauona kwenye nyuso nyingi. Chini ya maswali yako yote nasikia moja: hizi nguvu nilizonazo ni za kweli? Ni za kweli kabisa. Anayechuchumaa na kilo 120 ana mapaja, makalio na mgongo wa kazi, na sidhani kama mama yule anaweza hata kukitoa chuma hicho pale kilipoegeshwa. Unapokosea, na hukosei peke yako, ni kudhani nguvu ni kama maji ya pipa, ukishajaza unachota popote. Nguvu hukaa pale ilipofundishwa, kwa pembe ile, kwa mwendo ule, kwa muda ule. Ukitoka hapo unakuwa mgeni kwenye mwili wako mwenyewe.

Angalia unachofanya jimu. Unashuka, unapanda, mara nane. Nusu dakika imekwisha, unaweka chuma chini, unakunywa maji, unapumzika dakika mbili au tatu. Miguu yote miwili iko sakafuni, wayo mzima umetua, tena ndani ya kiatu chenye soli nene. Kwenye baleti mguu mmoja unabeba mwili mzima huku mwingine ukichora nusu duara hewani taratibu, na unapodhani umemaliza mwalimu anasema "upande wa pili", na ule uliokuwa hewani ndio unakuwa nguzo. Hakuna kupumzika hapo, ni kupokezana tu.

Na tuupime huo mguu wa hewani. Mguu mmoja mzima, kuanzia nyonga hadi vidole, ni takriban sehemu ya sita ya uzito wa mtu. Tuseme una kilo 84; mguu wako una kilo 14. Kilo 14 kwako si kitu. Lakini ukiunyosha mbele hadi usawa wa kiuno, uzito huo unakuwa mbali na nyonga, wakati misuli inayoushikilia imejishika sentimita chache tu kutoka kwenye kiungo. Ni kama kushika ndoo kwa mkono ulionyooka badala ya kuikumbatia kifuani. Msuli unalazimika kuvuta kwa nguvu kubwa mara kadhaa kuliko uzito wa mguu wenyewe, na uvute bila kusogea, huku uso umetulia.

Kisha kuna hili ambalo hukuambiwa jimu. Msuli mkubwa wa mbele ya paja, ule unaouona kwenye kioo, hupoteza nguvu ukishajikunja sana. Mguu ukipanda juu ya usawa wa nyonga ukiwa umenyooka, msuli huo unakuwa mfupi kupita kiasi. Hauna tena pa kuvutia, na hapo ndipo unapokukaza na kukuuma hadi ukashusha mguu. Anayeendelea na kazi ni msuli mwingine ulioko ndani kabisa, unaoanzia kwenye uti wa mgongo sehemu ya kiuno, ukapita mbele ya nyonga na kujishika sehemu ya juu ya mfupa wa paja. Kuchuchumaa na vyuma hakuugusi sana. Mama yule ameufundisha kila wiki, kwa muda gani sijui, na hakuna kioo kitakachokuonyesha.

Ndiyo maana napingana na ile kauli kwamba wacheza baleti "wana ulaini tu". Mguu kupanda juu mtu mwingine akiusukuma, huo ni ulaini. Mguu kupanda huko wenyewe na kubaki huko ni nguvu, na ni nguvu ya mwisho wa mwendo, mahali ambapo misuli ya watu wengi haina kitu.

Chini ya makalio vilevile kuna misuli midogo sita iliyojificha, inayozungusha paja kuelekea nje. Ndiyo inayofanya miguu ya mcheza baleti ielekee pembeni. Nakuomba hapa uwe makini kuliko popote pengine: mzunguko huo unatoka kwenye nyonga, na una mpaka, kwa sababu umbo la mifupa yako ya nyonga ulizaliwa nalo. Ukiona vidole vya jirani vinaelekea kushoto na kulia kabisa, nawe ukavilazimisha vyako kwa kukwaruza sakafu, unachokisokota ni goti. Magoti mengi ya watu wazima waliochelewa kuanza huharibikia hapo. Tumia kipimo hiki rahisi: ukikunja magoti, yaelekee juu ya vidole vyako. Yakianguka ndani, punguza ulivyofungua miguu, hata kama utaonekana mshamba.

Sasa tuje kwenye mashavu ya miguu. Kila mara unapopanda juu ya vidole kwa mguu mmoja, umbali kutoka kwenye nundu ya vidole, ile sehemu ya wayo iliyo nyuma tu ya vidole, hadi kwenye kifundo ni mrefu kuliko umbali kutoka kifundo hadi kisigino. Kwa hiyo ile kano nene ya kisigino inabeba mara mbili ya uzito wako au zaidi. Kwa kilo zako 84, hiyo ni zaidi ya kilo 160, kwenye kano moja isiyozidi unene wa kidole. Sisi tunapopima mtu mzima mwenye afya, tunamwambia apande na kushuka kwa mguu mmoja, goti limenyooka. Mara 20 hadi 25 tunachukulia ni kawaida. Wengi wa wabeba vyuma ninaowapima huishia kumi na kitu, nao hushangaa kuliko mimi.

Linganisha na jambo hili. Mwaka 1895, Pierina Legnani, mcheza baleti wa Italia, alizunguka mara 32 mfululizo kwa mguu mmoja jukwaani huko St. Petersburg, na hadi leo mizunguko hiyo 32 ndiyo wanayosubiri watazamaji wa onyesho lile la Swan Lake. Watu huhesabu mizunguko. Mimi huhesabu visigino. Kila mzunguko ni kushuka, kukunja goti na kupanda tena juu ya ncha kwa mguu uleule. Ni kipimo changu cha kliniki, kimefanywa mara 32, mtu akiwa anazunguka, amevaa vazi la jukwaani, na anatabasamu.

Kuhusu kizunguzungu, kwa kuwa utajiuliza: mwaka 2013 watafiti wa Imperial College London walilinganisha wacheza baleti na wapiga makasia, wakakuta kwamba ubongo wa mcheza baleti hujifunza kuzipuuza taarifa za mzunguko zinazotoka sikio la ndani. Hata usawa wao, kwa hiyo, ni mazoezi.

Kutetemeka kwako nako kusikutie aibu. Msuli ni makundi ya nyuzi, na kila kundi lina mshipa wake wa fahamu. Ukishika pozi muda mrefu, makundi yanachoka na ubongo unaanza kuyapokezanisha kwa haraka bila mpangilio mzuri. Huko kurukaruka ndiko unakokuona gotini. Mtu aliyezoea hupokezana kwa ulaini, na zaidi ya hapo hatumii kisichohitajika. Darasa lijalo jichunguze. Naweza kukisia kwamba umeuma meno, mabega yamepanda masikioni, na lile bomba la ukutani la kujishikilia umelikaba kana kwamba litatoroka. Mtazame mama yule: vidole vyake vinaligusa tu. Wewe unalipia mwendo mmoja kwa nguvu za miendo mitatu. Kuna habari njema hapa. Nguvu mpya za majuma ya mwanzo hutokana zaidi na mfumo wa fahamu kujifunza kuliko msuli kukua, kwa hiyo baada ya miezi miwili utatetemeka kidogo sana na suruali zako zitakutosha vilevile.

Umeuliza kwa nini hizo nguvu hazionekani. Zimefichwa kwa makusudi. Marie Taglioni alipocheza Paris mwaka 1832 akiwa kiumbe wa hewani, juu ya ncha za vidole, watu walitakiwa waamini kwamba hana uzito. Tangu hapo imekuwa kanuni: jasho lisionekane. Mchezaji mpira akiruka anaruhusiwa kukunja uso na kuguna. Huyu haruhusiwi. Kama unataka kuujua ukweli, keti karibu na jukwaa usikilize. Kutoka kwenye mruko mkubwa mwili unatua kwa nguvu inayozidi uzito wake mara kadhaa, na unasikia nini? Kipigo kidogo tu. Vidole vimetangulia, kikafuata kisigino, goti likakunjika, paja likapokea, na kila msuli ulikuwa unazuia huku unarefuka. Ukimya huo ndio breki, na breki ni nguvu ghali kuliko injini. Hata yule mwanamke anayebebwa juu hakai kama gunia. Amejisukuma mwenyewe kwa kukunja magoti na kuruka, kisha amekaza tumbo na mgongo ili awe kitu kimoja. Akilegea, hata wewe na kilo zako 120 hutamuinua vizuri.

Lakini nisikuuzie ndoto. Baleti haikupi kila kitu. Darasa la kawaida halijengi sana kifua na mikono, hasa kwa wasiobeba wenzao, na kwa moyo na mapafu halitoshi, kwa kuwa ni kazi fupifupi zenye kusimama katikati. Wacheza baleti wengi wanaotegemea darasa tu wamekuwa wakipimwa na kukutwa na mapaja dhaifu kuliko wanariadha wengine, na ndiyo maana siku hizi makampuni makubwa ya baleti yana vyumba vya vyuma na watu wa kazi yangu. Wao wanakuja kwako, na wewe unakwenda kwao. Rio Ferdinand, beki wa zamani wa Manchester United, alisoma baleti London kwa miaka minne utotoni. Usiache vyuma. Punguza tu: mazoezi mazito ya miguu yasiwe siku moja kabla ya darasa.

Nimefika kwenye swali ambalo limenifanya nikuandikie kwa urefu huu. Hapana, miili yao haikosi maumivu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1995, wacheza baleti wa kulipwa na watu wa kawaida walitumbukiza mkono kwenye maji ya barafu. Wacheza baleti walivumilia muda mrefu zaidi, lakini walipoulizwa waliyaeleza maumivu yao kuwa makali kuliko walivyoeleza wenzao. Soma tena hapo. Wanasikia, pengine zaidi yetu. Walichojifunza ni kutoondoa mkono.

Hilo ni jambo la kusifiwa mara nyingi, na ni hatari mara chache ambazo zinatosha. Nakumbuka dada mmoja aliyekuja kwangu akisema ana "kauchovu kadogo" mguuni. Nilimwambia avue soksi, nikaweka kidole kimoja juu ya wayo, pale mfupa wa kidole cha pili unapoanzia. Hakusema kitu. Alitabasamu, lile tabasamu la jukwaani, na machozi yakamtoka. Ulikuwa ufa wa mfupa, naye alikuwa ameucheza kwa wiki tano. Mficha maradhi, kilio humfichua. Misty Copeland wa Marekani mwenyewe aliendelea kucheza juu ya muundi wenye nyufa hadi ikabidi afanyiwe upasuaji mwaka 2012. Alirudi, na mwaka 2015 akawa mwanamke wa kwanza mwenye asili ya Kiafrika kupewa daraja la juu kabisa kwenye kampuni ya American Ballet Theatre. Watu husimulia ile sehemu ya kurudi. Mimi ningependa wasimulie na miezi aliyokaa bila kupanda jukwaani.

Na nyufa hizo mara nyingi huanzia sahani. Anayefanya kazi nyingi na kula kidogo ili awe mwembamba, mwili wake hukata bajeti: kwa wanawake hedhi huvurugika au kukoma, mifupa hupungukiwa, na uchovu hauishi. Wanaume nao hupatwa, ila dalili zao hazina tarehe. Hedhi ikikosekana miezi mitatu, hiyo si dalili ya ushupavu hata kidogo. Ni sababu ya kumwona daktari.

Basi, mashavu yako. Maumivu yanayoanza siku inayofuata, yakakolea siku ya pili, yako miguu yote miwili, yameenea kwenye msuli mzima na yanapungua ukitembea, hayo ni ya msuli ambao haujazoea kuzuia huku unarefuka. Hayana madhara. Ifikapo darasa la sita au la nane yanapaswa kupungua sana. Ukitaka kuyaharakisha, fanya nyumbani mara mbili kwa wiki: panda juu ya vidole kwa miguu miwili, shuka kwa hesabu ya nne, mara 12, pumzika, rudia magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, kwa sababu kuna msuli wa pili chini ya ule mkubwa ambao ndio hufanya kazi zaidi goti likikunjwa. Ikiwa rahisi, hamia mguu mmoja.

Kinachonitia wasiwasi ni kingine, na hapa usinisubiri mimi wala mtandao. Shavu la mguu mmoja likivimba, likawa la moto na kuuma hata umelala, nenda hospitali siku hiyohiyo, maana inaweza kuwa damu iliyoganda kwenye mshipa. Ukiongeza kifua kubana au pumzi kukatika, hiyo ni dharura ya saa hiyo. Ukisikia "paa!" nyuma ya kifundo, ukageuka kuona nani kakupiga teke na hakuna mtu, kano ya kisigino imekatika. Wanaume wa miaka 30 hadi 50 wanaocheza mara mojamoja ndio wateja wakubwa wa tatizo hilo, na wengi hujiambia ni kuteguka tu, wakachelewa. Kano ikikakamaa kila asubuhi kwa majuma, au goti likiuma upande wa ndani, tafuta mtu wa fiziotherapia akuone kwa macho. Na maumivu unayoweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole kimoja juu ya mfupa, yanayozidi ukiruka na kukusumbua usiku, acha kuruka kwanza, kisha upimwe. Picha ya eksirei ya mwanzo inaweza kuonekana safi na ufa upo, kwa hiyo mwambie daktari kwamba unacheza dansi.

Vile viatu havina chuma. Kichwa cha kiatu ni tabaka za kitambaa na karatasi zilizogandishwa kwa gundi, na ndani ya soli kuna kipande kigumu cha ngozi au karatasi ngumu. Baadhi ya vya kisasa hutumia plastiki. Jasho huvilainisha, na mcheza wa kulipwa anaweza kumaliza pea moja kwa onyesho moja. Kiatu hakimnyanyui mtu. Kinambana vidole visisambae na kuusaidia wayo kiasi, lakini kazi kubwa inafanywa na mguu wake mwenyewe.

Kwa hiyo mwambie shemeji, kwa upole kwa sababu najua anavitamani, kwamba miezi sita ni mapema. Watu wazima wengi huhitaji miaka miwili au zaidi, na hata hiyo siitazami kalenda. Nataka apande kwa mguu mmoja mara 20 na zaidi, kila upande, kisigino kikipanda juu kilekile hadi mara ya mwisho. Nataka asimame juu ya nundu ya vidole kwa mguu mmoja bila kugusa bomba, na kifundo kisiyumbe. Akinyoosha mguu, sehemu ya juu ya wayo ifuate mstari wa muundi. Isipofika hapo, atasimama kwa kujikunja kiuno. Mwalimu wake aangalie, na mtu wa fiziotherapia anayewajua wacheza dansi aangalie pia, kisha kiatu apimiwe miguuni mwake na mjuzi. Asiagize kwa picha. Umri wake haunitishi. Alessandra Ferri, mcheza baleti wa Italia, alistaafu mwaka 2007, akarudi, na mwaka 2016, akiwa na miaka 53, alicheza nafasi ya Juliet jijini New York.

Fanyeni kile kipimo cha kupanda kwa mguu mmoja pamoja leo jioni, pekupeku, mkono mmoja ukigusa ukuta kidogo tu. Yeye aanze. Halafu wewe, na usidanganye kwa kusukuma ukuta.